Mama Amenikana Mlangoni

Gwakisa, uko wapi? Mama amenikana. Mama yangu mzazi!

Asubuhi mimi na watu wa parokia tumekaa mlangoni pa ile kampuni ya makombora ya nyuklia, hapa Alexandria, huku ughaibuni. Tumejipaka majivu, tunasali, hatumgusi mtu. Nikasimama nisome shairi langu, lile ulilosema linauma.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Mama na ndoo ya usafi. Mimi najua anafanya kazi hotelini! Kumbe kampuni yao ya usafi imemhamishia pale, hakuniambia.

Ulimi ukateleza: "Shikamoo, mama."

Nimempa shikamoo, Gwakisa! Mbele ya walinzi!

Shikamoo hawaijui, lakini "mama" nani asiyeijua? Msimamizi wake akamgeukia: "Huyu ni mwanao?"

Akanitazama usoni, majivu na yote. "Simjui. Bwana, naomba kupita."

Bwana! Tena kwa Kiingereza, yeye anayetukataza Kiingereza nyumbani!

Nikampisha. Shairi likafia ubeti wa kwanza. Polisi wakaja, wakatufunga pingu kwa kuziba mlango, wala sikuhisi.

Tumeachiwa mchana, nikafika nyumbani nawaka. "Mama, mimi nasimama kwa ajili ya Mungu, wewe unanikana?"

Hakupaza sauti. "Wakijua wewe ni wangu, kazi sina. Petro alikana mara tatu na bado hakunyang'anywa funguo. Mimi nimekana moja. Usinirudishe pale pa kukana, mwanangu."

Nikaenda kunawa majivu.

Ijumaa tunarudi, Gwakisa. Padre ameniomba nilisome shairi lote, nami nilishakubali. Na Ijumaa Mama yuko zamu.