Namba ya Juu ya Jalada

Shikamoo Baba,

Leo ni wiki ya tano tangu tukuzike mgombani, na fedha zimefika.

Ndiyo, zile za mashine ya kumenya kahawa, ambazo marafiki wa usharika wetu kule Ujerumani waliandika kwamba wameshatuma. Wenzako wa kikundi cha wakulima wa kahawa walikuja kukudai wewe, mweka hazina wao, mchana kweupe, na fimbo mikononi. "Umezila! Hilo bati jipya umelitoa wapi?" Ulisema umeuza ng'ombe. Elifasi, ambaye wewe ndiye uliyemsimamia ubatizo, akakupiga mpini wa jembe kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikakulalia, damu yako ikaniingia mdomoni, na bado walipiga. Polisi walipouliza, hakuna aliyekubali kwamba ameona kitu isipokuwa mimi, na neno langu peke yake halikutosha. Nawachukia, Baba. Nikifua, nikipika, nawaza kuwachoma moto na nyumba zao.

Jana niliitwa benki mjini. Karani akanionyesha ile barua niliyoichapa mwenyewe ofisini ninakofanya kazi, Themi mjini, kuwapa Wajerumani namba ya akaunti ya kikundi. Nilikuwa nimenakili namba ya juu ya jalada la kitabu cha benki. Akasema hiyo ni namba ya kitabu tu, ya akaunti imeandikwa ndani kwa kalamu. Fedha zilikwama kwa kukosa mwenyewe, hadi benki zilipoandikiana na kulitafuta jina la kikundi.



Uliponipa kitabu uliniambia, "Fungua ndani, mwanangu, usome taratibu." Nikakujibu kwamba msomi ni mimi, wewe shughulika na migomba yako. Ukacheka, ukanifungia ndizi za kwenda nazo mjini. Mjuaji mimi! Elifasi alishika mpini, lakini sababu nilimpa mimi.

Sasa wanakikundi wanazilaumu hizi benki mpya za watu binafsi kwa kuchelewesha fedha. Mama ananisihi, "Nyamaza, watakumaliza na wewe."

Sinyamazi. Jumapili ibada ikiisha, wote watakuwa nje kwenye mnada wa sadaka, wakishindania mayai na mikungu ya ndizi. Nitasimama mbele ya ile meza niwaambie kosa ni langu, na kwamba wewe hukula hata senti. Kisha nitamtaja Elifasi kwa jina lake, mkewe akisikia, nieleze alivyokuua.

Kwaheri Baba. Akiinua mkono, sitakimbia.

Binti yako,
Anaeli