Saa Moja Iliyounguza Nyusi za Fundi

Zombo, Jumamosi. Mvua ya alfajiri imekatika, matope yanafika kwenye vifundo vya miguu, na mimi nacheka peke yangu chumbani.

Shajara yangu, nina jambo la kuungama. Wiki nzima Fundi Selemani amebeba lawama za kosa langu, na sikulijua mpaka leo asubuhi.

Nianze na Tausi. Ni pikapu kuukuu ya buluu ambayo kijiji chetu kilipewa na wilaya yetu ya Kilosa mwaka tuliohamia hapa. Hatuna gari jingine. Tausi ndiye hubeba mbegu kutoka Kilangali, ndiye hubeba wagonjwa, ndiye hubeba Mwenyekiti na mikutano yake. Fundi Selemani amekabidhiwa funguo. Ufundi alijifunza kwenye mashamba ya mkonge kule Kimamba, lakini kwa trekta za dizeli, ambazo hazina plagi wala kabureta, kile kichanganyio cha petroli na hewa. Hilo halijamzuia kumpenda Tausi. Humfuta vumbi kwa khanga za mkewe, na si zote zilizochakaa, jambo ambalo mkewe hulisema kwa sauti kila Ijumaa.

Jumapili iliyopita Fundi aliichomoa distribyuta, kile kikombe chenye kofia nyeusi kinachogawa cheche kwa plagi, abadilishe kipande kilicholika. Kuichomoa ilikuwa rahisi. Kuirudisha ndiko kulikomtoa jasho, maana ndani yake kuna kimkono kinachozunguka, wanakiita rota, na lazima kianze kikiwa kimeelekea mahali pake. Kitabu cha gari kipo, ila ni cha Kiingereza. Kimetoka Ulaya, ile ya ng'ambo, siyo Ulaya yetu, kijiji cha hapo jirani. Basi akaniletea.

Mimi ndiye mwalimu wa elimu ya watu wazima. Kwa umri Fundi angeweza kunizaa. Nje namwamkia shikamoo; ndani ya darasa yeye ndiye husimama akaniita Mwalimu. Mwaka jana hakuweza kuandika jina lake. Nami napenda kusahihisha watu, unanijua, kalamu yangu nyekundu hainitoki mkononi. Nikakaa nikatafsiri ukurasa mzima kwa mwandiko wa kupendeza, na katikati nikaandika: "Pistoni ya kwanza ikifika juu kabisa, rota ielekee saa moja."

Hakuniomba nimsomee. Alisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari mpaka kwenye nukta. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Tausi hakuwaka.

Ukimzungusha kwa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia, anapiga chafya, na moto unachomoka kwenye kabureta. Jumanne moto huo ulimuunguza Fundi nyusi zote mbili. Kila mtu akageuka daktari: moto unatokea kwenye kabureta, basi ugonjwa uko kwenye kabureta. Fundi akaifungua mara nne. Akazibua vitundu vyake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, aliouomba kwa jirani yetu mfugaji, kwa kuwa waya ungevikwangua. Akakaza skrubu inayopima petroli na hewa, akailegeza, akaikaza tena. Chafya ile ile.

Jana Mwenyekiti aliishiwa uvumilivu mbele za watu.

"Selemani, kesho saa nne kama gari halijawaka, trekta ya Kilangali italivuta mpaka Mikumi kwa mafundi wa barabara kuu. Funguo utanikabidhi, urudi kwenye shamba la pamoja na wenzako."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tangu aanze kusoma, ufundi umemtoka." Watu wakacheka. Sikulala vizuri. Niliona kabisa Fundi akipokonywa funguo, na wazee wangu mmoja mmoja wakiliacha darasa lililomharibia mwenzao kazi.

Leo kulipopambazuka nikaenda kumtazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Karatasi yangu ilikuwa juu ya boneti ya gari, imebanwa na spana. Uso usio na nyusi ulimfanya aonekane anashangaa muda wote, hata alipokuwa na huzuni.

"Mwalimu, saa ngapi sasa? Nijue nimebakiwa na muda gani."

Nikatazama saa yangu ya mkononi. "Saa moja kamili, Fundi."

Halafu macho yangu yakakwama palepale. Mshale mfupi ulikuwa kwenye saba.

Kwenye saba, shajara yangu!

Kitabu kilisema saba ya Kizungu. Nami, kwa ujuaji wangu, nikaigeuza kama tunavyogeuza kila siku: saba yao ni saa moja yetu. Ni sawa kabisa kama unamwambia mtu muda wa kufika ofisini. Lakini kitabu hakikuwa kinataja muda. Kilikuwa kinaonyesha mahali, pale namba saba ilipokaa kwenye uso wa saa. Fundi wa watu, ambaye kusoma saa bado sijamfundisha, akakumbuka uso wa saa niliowachorea ubaoni kuwafundisha namba, akaelekeza rota kwenye namba moja. Moja na saba zinatazamana. Cheche zote zilikuwa zinakuja kinyume kabisa.

Sasa sehemu ya aibu. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, nilitaka kunyamaza. Ningeweza kusema tu, "Fundi, hebu jaribu kuigeuza," nikaondoka nikiwa mjuzi zaidi ya nilivyokuja. Nikautazama ule uso usio na nyusi.

"Fundi, kabureta haina kosa. Kosa ni langu."

Nikamweleza. Akachukua karatasi, akaweka kidole kwenye neno lenyewe, akalisoma tena polepole. Kisha akacheka mpaka akaegemea boneti.

"Kumbe mwenzetu Tausi anafuata saa ya Kizungu!"

Akaichomoa distribyuta, akaizungusha nusu mzunguko, rota ikatazama saba. Hendeli ya kwanza, kimya. Ya pili, Tausi akanguruma, akatoa moshi mweusi uliofukuza kuku wa nyumba tatu. Hiyo sasa ilikuwa kabureta kweli, maana ilichokonolewa wiki nzima. Fundi akaikaza skrubu mpaka injini ikaanza kuyumba, akailegeza kidogo, akasikiliza. Akasogeza distribyuta unene wa ukucha, akasikiliza tena. Kazi hiyo aliifanya kwa sikio, bila karatasi ya mtu, na Tausi akatulia akaunguruma vizuri.

Saa nne Mwenyekiti akafika, trekta nyuma yake, watu nyuma ya trekta. Akakuta gari linawaka.

"Si nilisema ni kabureta!" akashangilia.

Fundi akanitazama, akainamisha uso, akaendelea kufuta mikono. Alikuwa tayari kuyaacha yaishie hapo, anifichie. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikawaambia wote: karatasi niliandika mimi, kosa nilifanya mimi, Fundi alifuata kila herufi.

Nikawaza, darasa langu ndilo hilo limekwisha.

Mwenyekiti akaikunja mikono kifuani, akafikiri.

"Basi huyu mtu anajua kusoma kweli," akasema. "Amekosea vilevile kama ilivyoandikwa."

Wakacheka tena, lakini safari hii Fundi alicheka nao. Funguo zikabaki mfukoni mwake, na trekta ikarudi Kilangali mikono mitupu. Yule aliyesema ufundi umemtoka Fundi akaniuliza pembeni kama bado napokea wanafunzi.

Jioni Fundi alifika darasani kabla ya wote. Akaweka ile karatasi mezani kwangu, sasa ina alama za vidole vya oili, akaomba kalamu nyekundu. Akakata "saa moja", akaandika juu yake "kwenye saba". Kisha chini kabisa, taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akaandika 9/10.

Nikamuuliza, kosa kubwa namna ile, mbona umenipa alama nyingi hivyo?

"Karatasi yote ni nzuri, Mwalimu. Moja nimeikata kwa ajili ya nyusi."

Nimeibandika ukutani, juu ya kitanda. Jumatatu somo ni kusoma saa, na nitakaa dawati la mbele.