Baiskeli Iliyofika Peke Yake

Bonde la Burgast,
Mkoa wa Arkhangai.
Tarehe 2 Agosti, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Luvsan,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Je, u mzima? Shemeji hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua kwa kusimama kutwa kiwandani? Desturi inanitaka niulize pia kama mifugo yako imenenepa kiangazi hiki, lakini huko Incheon ghorofa ya kumi na moja huna hata mbuzi, basi nauliza kama wewe mwenyewe umenenepa.

Sisi huku hatujambo. Mvua ilikuja kwa wakati wake, nyasi zinafika magotini, na farasi majike tisa tuliobaki nao wanatoa maziwa mpaka mapipa ya ngozi yanafurika airagi, yale maziwa yetu machachu. Dawa ya koo uliyotuma nimeipata, paketi zote sita. Ahsante. Ina habari yake, nitakueleza mwishoni, na usije ukaninunia.

Najua unachokisubiri. Katika barua yako ya Aprili ulisema umempatia binti yangu Solongo kazi hapo kiwandani na kitanda cha kulala, na kwamba anatakiwa awe amefika Septemba. Nikakujibu ungoje naadamu, sikukuu yetu ya mbio za farasi, ipite. Sasa imepita, na leo mkono wangu hautaki kutulia kwenye karatasi, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia ujue ni furaha.

Sikukuambia yote wakati ule. Mimi na Solongo tulikuwa tumepatana hivi: kama familia za bonde zitawakubali watalii wake wa baiskeli, atabaki na kuwaongoza kila kiangazi. Wakikataliwa, anapanda ndege. Baada ya ile baridi ya mwaka juzi kutuulia mifugo, hatuwezi kuishi watu wawili kwa majike tisa na kondoo arobaini, hata mtu asiyejua hesabu analiona hilo. Nilisema sawa, kama baba anavyotakiwa kusema. Lakini ndani nilikuwa nimekwisha, Luvsan. Ningebaki hemani naongea na nani, mbwa?

Na usidhani nilikuwa nazipenda baiskeli. Mimi! Mtoto wa Jamba, mkufunzi wa farasi wa mbio! Siku Solongo alipoleta ya kwanza nilimuuliza kitu gani hiki kisichokula, kisichozaa, ambacho ukikiachia tu kinalala chini. Akanijibu, "Baba, na wewe ukiachiwa unalala chini." Mdomo huo kautoa kwa mama yake.

Shida yetu ilikuwa Choijil. Unamjua, neno lake ndilo la mwisho bondeni. Mwaka jana kundi jingine la wageni lilipita bondeni, siku ya pili nusu yao wakachoka, baiskeli zikatupwa juu ya magari, na magari yakachora njia mpya katikati ya malisho. Watoto wa farasi walitoroka siku mbili. Choijil alikuwa na haki ya kukasirika, hilo simnyimi. Basi Juni familia tisa zikakaa hemani kwake, Solongo akasimama mbele yao na kofia mkononi.

"We binti," Choijil akamuuliza, "wageni wako ni watu wa baiskeli au watu wa gari?"

"Wa baiskeli, mzee wangu."

"Basi waje kwa baiskeli. Wote saba. Gari lisitie tairi bondeni kwetu. Wavuke Mlima wa Mawe Mekundu, wapite kati ya bendera za naadamu kabla ya mwanafarasi wa mwisho kwenye mbio. Akipungua mmoja, njia imefungwa na sitaki kuombwa tena."

"Na wakifika wote?"

"Wakifika? Nitawakamulia maziwa kwa mikono yangu mwenyewe!"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, maana Choijil hajamkamua mnyama tangu alipooa. Mkewe Tsend ndiye aliyecheka kuliko wote. Solongo hakucheka. Alikunja mkono wa joho lake, akasema sawa, akatoka.

Safari ilikuwa ya siku kumi na moja, kuanzia chemchemi za maji moto. Lori la mizigo lilikuwa likiwafuata nyuma, lakini siku mbili za mwisho lilizungukia barabara kuu kama walivyopatana na bonde. Hapo ndipo nilipojiunga nao mimi, juu ya farasi. Si kwa mapenzi, la. Mto ulikuwa umejaa na mimi ndiye ninayekijua kivuko.

Sita kati yao walikuwa vijana wenye miguu mizuri. Wa saba ni Bibi Hatsue kutoka Japani, miaka sitini na minane, zamani alikuwa akifundisha watoto kuogelea. Mfupi, mwembamba, kofia ngumu kichwani kubwa kuliko yeye. Nilipomwona nikasema moyoni, haya, tumekwisha, nianze kumfungia binti yangu mizigo.

Kisha nikamtazama Solongo kazini, na nakuambia ukweli, nilipigwa na butwaa. Yule anayekimbia sana asubuhi alimrudisha nyuma kwa maneno makali. Yule aliyenyamaza alimpa maji kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Kila wakisimama, aliwapitia mmoja mmoja akiwagusa shingo kwa kiganja, kupima jasho kama ni la moto au limeanza kupoa. Luvsan, hivyo ndivyo baba yetu alivyokuwa akifanya kwa farasi. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi miaka thelathini, na yule mtoto akiwa ameketi juu ya tandiko mbele yangu. Sikuwahi kumfundisha hata neno moja. Alikuwa anaona tu.

Kivukoni Bibi Hatsue aliteleza na baiskeli yake begani, akazama mpaka kifuani. Nikamshika ukosi wa koti nikamvuta. Alipopata pumzi alicheka! Solongo akamuuliza kwa ishara kama aite lori limchukue upande wa barabara. Bibi akatikisa kichwa, akatoa maneno yote ya kwetu aliyokuwa nayo.

"Hapana. Baiskeli. Naadamu."

Kesho yake asubuhi niliwatangulia ili niwepo kwenye bendera. Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kuwapokea nilikuwa nimefungua sanduku, nikachukua kile kikwangulio cha baba cha kukwangulia farasi jasho, chenye mpini wa mti uliolainika kwa mikono. Sikuwa nimekigusa tangu farasi wangu Kijivu Mrefu afe kwenye theluji ile. Sijui kwa nini nilikitia kifuani mwa joho, nilijisikia tu kukichukua.

Bonde zima lilikuwa pale. Wanafarasi wa miaka miwili walikuwa wameshaondoka kwenda mwanzo wa mbio, na Choijil amejiwekea kigoda karibu kabisa na bendera. Vijana sita wakatokea juu ya mlima, wakashuka mbio wakipiga kelele, wakapita mmoja baada ya mwingine. Watu wakashangilia, wakawapa airagi, wakawacheka nyuso zilivyokauka vumbi.

"Sita," akasema Choijil. "Nimehesabu vizuri?"

"Binti yangu yuko na wa saba."

"Binti yako simhesabu. Huyo ni wa kwetu."

Basi wanafarasi wakaanza kuingia. Wa kwanza, wa pili, watu wakigombania jasho lao la baraka kama kawaida. Wa kumi. Wa ishirini. Nami macho yangu juu mlimani. Ndipo kwa mbali uwandani akaonekana mwanafarasi wa mwisho, mwekundu mdogo, amechoka, anakuja hivyo hivyo. Na wakati huo huo, kule juu ya mteremko, kofia moja kubwa ikachomoza, na nyuma yake Solongo.

Bibi Hatsue alianza kushuka, taratibu, halafu haraka, halafu haraka mno. Tairi likagonga jiwe. Tukamwona anaruka upande, anaketi chapa! juu ya nyasi. Bonde zima likaguna. Lakini baiskeli, Luvsan, baiskeli haikuanguka! Ilikuja. Peke yake, bila mtu, imenyooka, inarukaruka, kondoo wakigawanyika, mbwa wakiifukuza, akina mama wakivuta watoto wao. Ikapita katikati ya bendera mbili, ikayumba, ikajilaza mbele ya kigoda cha Choijil huku gurudumu likizunguka. Hata hatujafunga midomo, mwanafarasi mwekundu naye akapita.

Choijil akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Mtu wake yuko wapi? Hajafika mtu."

Hapo nilihisi damu ya ujana inanirudia. Nikasimama. "Choijil," nikasema, kwa sauti wasikie mpaka nyuma, "mwaka ule farasi wako mwenye baka alifika wa kwanza, mtoto aliyempanda akiwa ameanguka kule mtoni. Ulipokea medali, au hukupokea?"

Akaanza kurekebisha kigoda chake.

"Nakuuliza, bwana. Ulipokea au hukupokea?"

"Aliipokea!" Tsend akapaza sauti kutoka kwenye mapipa ya airagi. "Akalala nayo shingoni wiki nzima, ikanichoma mimi!"

Basi hapo ndipo bonde lilipopasuka kwa kicheko. Wazee waliegemeana. Choijil alijaribu kukunja uso ukakataa kukunjika. Mwisho akapiga goti lake kwa kofi. "Nilipokea," akasema. "Kwetu anahesabiwa farasi. Imefika. Saba!"

Nilidhani hapo ndipo raha ilipofikia kilele, kumbe bado. Mtu mmoja akasema, tazameni. Bibi Hatsue alikuwa anashuka kwa miguu. Solongo alimpa baiskeli yake apande, akakataa. Alimpa bega, akakataa. Alikuja anachechemea, kiwiko kimechubuka, kofia imekaa upande, yeye hajui kama amekwisha kuhesabiwa. Kwa hesabu yake alikuwa bado hajafika, na alikuwa anakuja kufika.

Yule mwanafarasi mwekundu alikuwa amesimama akingoja wimbo wake, ule anaoimbiwa wa mwisho, Tumbo Tajiri wetu wa kila mwaka. Unakumbuka tangu niache kuimba wanaupiga kwa simu iliyounganishwa na spika? Mwenye simu alikuwa anaitafuta mfukoni. Nikamwambia aiache.

Nikamshika mwanafarasi hatamu, nikamsogeza mpaka akawa ubavuni kwa Bibi Hatsue kwenye bendera, nikafungua mdomo. Miaka miwili, Luvsan. Sauti ilitoka na kutu mwanzoni, kisha ikanyooka, nikawaimbia wote wawili pamoja:

Si kosa lako, Tumbo Tajiri,
mlima ulikuwa mrefu, jiwe lilikuwa na hila,
aliyekuongoza alikuchelewesha kwa kukupenda.
Mwakani vumbi lako watalimeza wao.

Watu wakaitikia, bonde zima, kama zamani za baba. Nililia, sioni haya kukuambia, na sikuacha kuimba. Bibi Hatsue hakuelewa neno, lakini aliinama mbele ya mwanafarasi, kisha mbele yangu, kisha mbele ya Choijil, na Choijil akavua kofia. Tsend akaja, akampangusa bibi jasho la paji la uso kwa kidole, akampaka mjukuu wake kwenye paji lake. Basi wakaanza kupanga foleni. Maskini bibi alisimama tu, akapanguswa jasho na akina mama wa bonde zima!

Nami nikatoa kikwangulio kifuani. Solongo alinyoosha mkono akidhani nataka anishikie. Nikamwambia, "Si cha kunishikia. Hawa saba wamefunzwa na wewe." Alikipokea kwa mikono miwili, akafunika uso nacho. Najua, Luvsan, ulikuwa ukitarajia siku moja kitamwendea mwanao. Nisamehe. Ungekuwepo, ungempa wewe mwenyewe kabla yangu.

Choijil alikamua. Ndiyo, alikamua, mbele ya watu, jike akampiga mkia usoni mara nne, akapata maziwa ya kujaza kikombe kimoja, na wageni saba wakakizungusha wakanywa. Halafu akamvuta Solongo pembeni. Nilidhani anamgombeza. Kumbe anamuuliza mwakani wangapi watalala kwake, maana asingependa wote waende kwa jirani.

Kwa hiyo hicho kitanda chako, ndugu yangu, mpe mtoto wa mtu mwingine, na umshukuru sana msimamizi wa kiwanda kwa niaba yetu. Solongo haji. Sasa hivi ninavyoandika yuko mlimani na nyundo anaondoa lile jiwe.

Msalimie sana shemeji Narangua, mwambie zile soksi zinanitosha. Mbusu mwanao. Choijil na Tsend wanakusalimu, na Solongo anakuamkia, baba yake mdogo, anasema atakuandikia mwenyewe. Mbingu ikufunike, mgongo wako upoe, na iko siku ukanyage nyasi hizi.

Sasa ile dawa ya koo. Koo langu halikuumwa hata siku moja. Nilikudanganya wewe na bonde zima, kwa sababu ni rahisi kusema koo linauma kuliko kusema siwezi kuwaimbia farasi wa watu wakati wangu wamelala chini ya theluji. Usitume tena. Nafasi ya zile paketi sita kwenye kifurushi, nitilie cheni za baiskeli.

Ni mimi nikupendaye, kaka yako,
Dashzeveg