Waya Uliohamia Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepoa. Mwambie Mama ninakula vizuri, asiwe na wasiwasi. Mimi ni mzima, tena naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko huu uuvumilie.

Wiki iliyopita alikuja karakanani mwalimu wa hesabu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Alitaka nimkunjie waya mnene ufuate grafu ya y = x², ile yenye umbo la bakuli, pamoja na ubao wa bati wenye miraba, ili wanafunzi wausogeze waya kwa mikono yao. Nilipomaliza tukaujaribu. Akaandika y = x² + 3, nikaupandisha miraba mitatu. Kumbe rahisi! Akaandika y = (x − 2)². Nami kwa kujiamini nikausukuma kushoto miraba miwili, maana kutoa si kurudi nyuma?

Akasema hapana, unakwenda kulia. Baba, unanijua kwa ubishi. Nilimwambia amekosea alama, mpaka fundi mwenzangu akazima mashine aje asikilize. Mwalimu hakukasirika. Alisema kitako cha bakuli kinakaa pale mabano yanapokuwa sifuri, akaniuliza x iwe ngapi ili ukitoa mbili ibaki sifuri. Nikasema mbili. Nikautazama ubao. Mbili iko kulia! Nikauhamisha waya mwenyewe, na nilivyopiga kelele, mteja aliyekuja kuchukua geti lake alidhani nimeungua.

Tangu siku hiyo sikamatiki. (x + 5)², kushoto tano. (x − 1)² − 4, kulia moja, chini nne. Sakafu nzima imejaa chaki, mwenzangu anairuka michoro akifuata nondo.

Nilipomwambia kwamba shuleni nilifeli hesabu, mwalimu akashangaa, akaniuliza ilikuwaje. Sikumjibu, kwa sababu jibu hilo ni lako kwanza. Baba, yale maswali hayakunishinda. Sikuyajibu. Nilifungua karatasi, nikakumbuka kila mtu mle ndani anajua mimi ni mtoto wa mwalimu gani, nikaingiwa na woga. Nikaona heri nirudishe karatasi tupu kuliko kukuaibisha kwa makosa. Nyumbani nikakwambia mtihani ulikuwa mgumu. Kisha ukaacha kuwafundisha hesabu watoto wa majirani, ukisema aliyeshindwa kwa mwanawe hana la kuwapa wengine, nami nikanyamaza. Miaka tisa, Baba. Hukushindwa wewe. Niliogopa mimi. Nisamehe.

Nimejiandikisha kuurudia mtihani mwaka huu. Jumamosi nakuja na ubao wa pili, nimeuchomelea kwa ajili yako. Tafadhali waite watoto wa majirani, nami uniwekee kiti mbele.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama mkumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao mbishi,
Kitindamimba wako