Korongo Nyuma ya Darasa la Ramani

3 Machi

Shikamoo Baba,

Mnaendeleaje huko? Goti la Mama limepoa? Mimi mzima, ila usingizi umeniruka. Nikipiga simu unasema mambo ya ramani hayazungumzwi hewani, yaandikwe. Haya, naandika.

Muhula huu tunajifunza kuchora ramani kwa kompyuta. Tuliambiwa kila mtu achukue sehemu anayoifahamu, nikachukua shuleni kwako. Nilipanga picha za setilaiti za miaka tofauti, moja juu ya nyingine, kisha nikaweka juu yake ile ramani uliyoichora kwa mkono. Baba, lile korongo la nyuma ya shule linatembea. Kila masika linamega ardhi, na sasa limefika ukutani kwa nyumba yenu ya hapo shuleni. Ramani yenyewe nimeiambatisha. Mvua zinakaribia. Nakuomba mhame, hata kwa jirani.

Ni mimi, kitindamimba wako.

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Goti la mama yako ni lile lile: linauma siku za kufua, siku za harusi halisikiki.

Ramani yako nimeiona. Umeiweka nyumba yetu ng'ambo ya korongo! Sasa mimi nimehama lini, na navukia daraja lipi? Nimecheka mpaka mama yako akaja kuchungulia. Kilima hiki nimekipima kwa miguu na rula, si bure wanafunzi wananiita Mzee Rula. Mkuu wa shule aliniuliza kama kidato cha tatu waanze hiyo programu yenu. Nilikuwa nasitasita, ramani yako imenipa jibu. Nimesema hapana. Jiografia ni ardhi, si kioo.

Na usimtie mama yako hofu tena.

Baba yako.

14 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mko salama, na huyo anayechungulia mpe pole ya goti.

Umenishinda, nakubali. Picha na ramani yako zilitumia vipimo tofauti vya kuonyesha mahali, nami nikazibandika bila kuzilinganisha. Kila kitu kikasogea upande. Uliliona kosa kwa sababu ardhi unaijua. Nimerekebisha kwa alama usizoweza kuzikana: kisima, mlingoti wa bendera, pembe ya jiko lenu. Nyumba yenu haina neno.

Lakini furaha yangu iliishia hapo. Mdomo wa korongo umeelekea darasa lako la ramani. Nyasi zimeuficha ukingo. Ukipita kwa miguu huuoni, kwenye picha za juu unaonekana wazi. Watoto wa watu wanakaa mle kila asubuhi, Baba. Wape vigingi, wapime wenyewe. Kama nimekosea tena, nitafurahi kuchekwa. Naogopa sana.

Mwanao.

20 Machi

Shikamoo Baba,

U mzima? Leo siulizi kwa mazoea. Redio inasema mvua ya huko haijakatika. Simu yako haipatikani, ya Mama inaita tu. Barua yangu uliipata? Bado unafundishia mle? Nijibu hata neno moja, hata la kunikaripia.

Mwanao.

25 Machi

Marahaba kitindamimba,

Tu hai sote. Usishangae mwandiko huu wa kuku aliyeparura, naandika kwa mkono wa kushoto. Mama yako nilimkataza kupokea simu zako. Hili nilitaka ulipate kwangu.

Barua yako ilinikasirisha. Nikawatoa kidato cha tatu na vigingi, nia yangu nikuumbue. Hatua chache tu kutoka ukutani mwa darasa, kigingi kilizama chote kwenye nyasi, tukasikia kikianguka chini huko. Nikawahamishia bwaloni saa ile ile.

Mvua ilipokolea nikakumbuka ramani zangu zimebaki ukutani. Mama yako alinishika shati, nikamponyoka. Nilitoka na moja tu, ukuta ukanifuata. Mkono wa kulia umevunjika vibaya. Daktari anasema vidole havitashika tena kalamu ya kuchorea. Nimelia, sikufichi.

Darasa limekwenda na korongo, madawati na yote. Hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani.

Mkuu nimemwambia nilikosea. Kidato cha tatu wajifunze programu, na matope miguuni wabaki nayo vilevile, maana wewe yalikupungukia. Mwalimu hatuna. Ukija likizo, anza na mimi, nitakaa dawati la mbele. Nasikia kile kipanya cha kompyuta hata mkono wa kushoto unakishika.

Baba yako,
Mzee Rula.