Cherehani ya Kisumu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila analalamika kwamba umekonda pichani.

Unauliza kama nchi zetu zitaweza kutumia sarafu moja. Mbona tulikuwa nayo! Kila nchi ilipochapa yake, nilikwenda Kisumu na shilingi zetu mpya kununua cherehani. Bila hiyo, baba wa bibi yako asingenipa binti.

"Hizi katumie kwenu Tabora," alisema mama mwenye duka. Kisha akaonja asali niliyompa kama zawadi. "Cherehani chukua. Utaniletea madebe matatu."

"Usiponiona?"

"Nitajua Tabora kuna asali, watu hakuna."

Nilimpelekea manne. Wataalamu wenu wakishakubaliana noti iwe na picha ya nani, waulize nani atamwamini mgeni namna ile.

Babu yako, Cheyo