Usiliwashe Kabla Hujaisoma

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako huku kwenye vumbi la breki. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, nao tumeshazoeana. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Barua hii na boksi lililo pamoja nayo unaletewa na fundi rangi wetu, anakwenda likizo na anapita kwenu. Mpe kiti na maji ya kuoga, atakuwa amekaa kwenye basi siku mbili.

Baada ya salamu, nisikilize. Alhamisi usimpakie mama kwenye gari lile kwenda kliniki. Wala wewe mwenyewe usiliwashe, hata kwenda dukani. Nilikutumia ujumbe usiliguse mpaka mgeni huyu afike, ukanijibu kwa kicheko, eti kaka acha woga, breki zako zinalia kama filimbi ya refa, mtaa mzima unageuka kuangalia. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ulimi wangu hugeuka. Kwenye karatasi ninaweza kujishika shati.

Nina hasira, ndugu yangu. Tangu Jumanne nimekula mara mbili tu.

Daktari wa Meno unamjua kwa hadithi zangu. Gari lake ni la aina moja na lako, ila yeye kalibadilisha injini na viti. Siku za kazi linampeleka kung'oa watu meno, Jumapili analikimbiza kwenye uwanja wa mbio. Watu wa namna yake wanataka pedi moja ya breki ifanye kazi zote mbili, na sisi kila siku tunawaambia haipo. Pedi ya barabarani inakamata asubuhi gari likiwa baridi, mara ya kwanza tu unapokanyaga. Ipeleke kwenye mbio, mizunguko mitatu imeungua, inanuka, mguu unazama na gari halina habari. Pedi ya mbio ni kinyume chake. Haiumi mpaka ipate moto mkali. Ikiwa baridi ni kama umebana diski kwa kipande cha sabuni.

Kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na utaratibu. Daktari alikuwa na maboksi mawili kwenye rafu. Jumamosi namfungia za mbio, Jumatatu saa moja asubuhi namrudishia za barabarani. Na gari lolote likitoka na pedi za mbio, lazima lifungwe kitambaa chekundu kwenye usukani. Utaratibu huo aliuanzisha fundi mkuu wa zamani, Mzee Spana, ambaye sasa amestaafu. Alikuwa akisema ukikaa kwenye kiti utakifungua kitambaa kwa mkono wako mwenyewe, na ukishakifungua usije kusema hukuambiwa.

Miezi miwili iliyopita Daktari akachoka kuja kila Jumatatu. Akamwambia bosi za mbio zibaki humo humo, yeye ni dereva makini. Bosi tunamwita Miwani, maana anakutazama juu ya miwani yake kama vile una deni la baba yake. Akakubali papo hapo. Mimi nikasema gari lile haliendeshwi na Daktari peke yake, mke wake naye hulichukua. Miwani akaniambia aliajiri mikono yangu, hakuajiri mdomo, na kama nataka kufundisha nitafute shule, ingawa anasikia mimi na shule tuliachana mapema. Gereji nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mdogo wangu. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Wiki iliyofuata Daktari akalalamika kwamba kitambaa kinafanya gari lake lionekane la mganga. Miwani akaniamuru nikitoe. Nikakitoa, nikakitia mfukoni, nikaendelea na kazi.

Jumanne mke wa Daktari alilitoa gari asubuhi na mapema, mvua imetoka kunyesha. Kutoka getini kwao ni mteremko, na pale chini kwenye kona hukaa mzee mmoja anayeshona viatu. Yule mama aliwaambia polisi alikanyaga kwa miguu yote miwili, akasimama kabisa juu ya breki, na gari likaendelea kushuka kama limeitwa. Fundi viatu alivunjika mguu mara mbili, juu ya goti na chini yake.

Polisi walipokuja gereji, Miwani akawaeleza kwa sauti ya upole, sauti ambayo sisi hatujawahi kuisikia, kwamba pedi zilitakiwa kubadilishwa Jumatatu, fundi akasahau. Akatoa karatasi ya kazi iliyoandikwa hivyo. Chini kuna saini yangu. Ni yangu kweli, maana karatasi zote natia saini bila kuzisoma mpaka mwisho, na yeye analijua hilo. Nikapiga kelele hadi koo likakauka. Nikamwita mwongo mbele ya wateja. Tangu siku hiyo niko chumbani, na ovaroli langu limening'inia mlangoni kama nguo ya marehemu.

Jana nilikwenda kumwona yule mzee wodini. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia miaka yote ameshona viatu vya watu, jozi kwa jozi, sasa anajiuliza kama mwenyewe atabaki mteja wa kiatu kimoja. Akacheka peke yake, mimi sikuweza. Nikamsimulia yote, namna Miwani alivyojua akanyamaza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, na wewe je, ulijua? Nikasema nilijua. Akauliza kama nilimwambia yule mama. Nikasema si kazi yangu kuongea na wake za wateja. Akageuzia uso ukutani, akasema basi niende, amechoka.

Nilirudi nikimlaani Miwani njia nzima. Nafika chumbani, nafungua simu, nakuta picha uliyonitumia. Umeosha gurudumu la mbele mpaka linang'aa, pedi zinaonekana kwa ndani, na chini umeandika: Injinia, mambo yako hayo! Nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Mdogo wangu, pedi nilizokutumia si mpya. Na si za kufaa kote kote kama nilivyokwambia. Ni za mbio, zimekwisha nusu. Nilizitoa kwa mikono yangu kwenye gari la Daktari nilipomfungia nyingine, nikazipiga msasa, nikazipulizia rangi, nikazitia kwenye boksi safi. Wewe uliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyowahi kuuliza Daktari. Uliuliza, kaka, mama akiwahi kliniki alfajiri, zitafaa? Nikakujibu hakuna zinazozifikia.

Nilijua ninachosema. Unawatangazia watu kaka yako anatengeneza magari ya mashindano, nami nikaona haya kukutumia pedi za kawaida ambazo hata duka la hapo kwenu linauza. Nilitaka mtaa ugeuke uangalie. Umegeuka. Miwani alimficha ukweli mke wa mtu. Mimi nimemficha mama yangu mzazi, halafu siku nne nimekaa hapa nikimtukana Miwani.

Ndani ya boksi kuna pedi za barabarani, mpya, hazina sifa yoyote. Kuna pia kitambaa chekundu, ni kile kile. Kifunge kwenye usukani leo hii, kabla hata mgeni hajamaliza maji yake. Kisha mlete fundi hapo nyumbani azifunge, msimpelekee gari. Aangalie na diski, maana pedi zile za mbio zinazila. Akikucheka kwamba kaka yako Injinia ametuma pedi za kila mtu, mwache acheke. Mama mwambie ukweli wote, na umwambie kwamba wewe pia ulidanganywa.

Jumatatu ninakwenda polisi mwenyewe. Nitasema ya Miwani, na nitasema nani alikitoa kile kitambaa. Kazi sidhani kama nitaipata tena.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie namwomba radhi, na kwamba nitamwomba tena nikiwa mbele yake. Pedi zile zitupe. Kitambaa mpe fundi rangi akirudi, aniletee. Nikikiona nitajua umezitoa, na siku hiyo nitalala.

Ni mimi kaka yako,
uliyemwita Injinia. Usiniite hivyo tena.